Shati la Kolbein

Torgunn alikuwa dobi wa kanisa kuu la mji wa Nidaros, huku kaskazini, na ulimi wake uliwasha kuliko maji ya majivu aliyofulia. Miaka ishirini na miwili alifua nguo za mapadre katika mto Nid, akazipiga kwa kibao, akazianika, akazikunja, na kila padre akamjua kwa madoa yake. Alijua nani anakunywa pombe siku za mfungo na nani anafutia siagi kwenye mkono wa joho. Ukimuudhi alikutajia madoa yako mbele ya watu.

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na shati moja ambalo hakulifua. Lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, limekauka kau kwa damu, lina tundu la mkuki ubavuni. Lilikuwa la mwanawe, Kolbein. Huku kwetu shati la mtu aliyeuawa halifuliwi mpaka alipiziwe kisasi, na Torgunn alikuwa amelipita lile shati asubuhi na jioni kwa majira matatu ya baridi.

Ilikuwa ile miaka ya wafalme wawili. Mfalme mzee alikufa bila kumtaja mrithi, na kwa sheria yetu mtoto wa mfalme ni mtoto wa mfalme, awe wa ndoani au wa jikoni. Basi wakajitokeza wana wawili, kila mmoja na jeshi lake. Arnvid mama yake alikuwa binti wa mkuu. Hallkjell mama yake, Ålov, alikuwa mfuaji tu kwenye shamba la mfalme huko kusini, na mjini walimwita Hallkjell mfalme wa mabeseni. Torgunn, dobi mwenyewe, alicheka kuliko wote, kwa jinsi alivyomchukia.

Na alikuwa na haki ya kumchukia. Mji ulikuwa ukibadilisha mikono kila wiki mbili. Kolbein alikuwa anarudi na mkokoteni wa nyasi, hana habari, akakutana na watu wa Hallkjell barabarani. Wakamuuliza, "Mfalme wako nani?" Akajibu Arnvid, mfalme wa wiki iliyopita. Wakamchoma mkuki palepale juu ya nyasi zake. Hallkjell alikuwapo, juu ya farasi, anatafuna samaki mkavu. Akasema, "Haya, mmoja kapungua," na wenzake wakacheka. Baadaye alimtumia mama mtu pipa dogo la siagi, ati pole. Torgunn aliwapa mbwa.

"Mama, lifue hilo shati," mwanawe mkubwa, Brynjulv, alikuwa akimwambia. Yeye alikuwa fundi wa paa la kanisa, mtu mpole, hana makuu. "Mimi si mtu wa mikuki. Ukiningoja mimi utalitazama mpaka uzeeke."

"Nani kakungoja wewe?" alijibu Torgunn. "Wewe gonga misumari yako."

Siku ikafika wakulima wakachoka kuchomewa maghala. Wakakutana uwanjani Øyra, pale wafalme wanapokubaliwa, wakasema basi, Hallkjell athibitishe damu yake kwa chuma cha moto. Chuma kibebwe hatua tisa, mkono ufungwe kitani na kupigwa muhuri, ufunguliwe baada ya siku tatu. Ukiwa safi, ni mwana wa mfalme na wote watamwinamia. Ukioza, kasema uongo, na ajionee mwenyewe.

Padre Eindride akaja mtoni. "Mama Torgunn, nataka kitani safi, vipande vitatu vyembamba. Ni vya Jumatano."

"Vya mkono wa Hallkjell?"

"Vya chuma, mama. Mengine tumwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, baba. Kitani niachie mimi."

Akachemsha maji ya majivu siku nzima, mpaka yakawa mazito na ya kuteleza vidoleni. Alitumbukiza unyoya wa bata, unyoya ukayeyuka. Hapo akaridhika. Akalowesha vile vipande vitatu, akavikausha karibu na moto, akavipiga vikalainika, akavilaza kwenye sinia. Ukavitazama, weupe mtupu. Vikigusa jasho na kidonda vingeanza kazi yao. Alifurahi, nisikufiche. Tangu Kolbein azikwe hakuwahi kufurahi namna ile, na alipopita mlangoni aliligusa shati kana kwamba anamuaga mtu anayekaribia kusafiri.

Jumatano kanisa lilijaa. Torgunn alisimama na sinia lake karibu na makaa. Hallkjell akaingia na wadogo zake wawili wa mama mmoja, vijana wa kusini wenye mabega mapana, na nyuma yao mwanamke mnene wa makamo. Yule mwanamke ndiye aliyekunja mkono wa gauni.

"Mtoto hawezi kujiapia alivyozaliwa," padre aliwatangazia watu. "Anayejua ni mama. Ålov ndiye atakayebeba chuma."

Torgunn akavitazama vile vitambaa kwenye sinia. Hilo hakulipanga. Alikuwa amemwandalia muuaji, na sasa mbele yake kulikuwa na mama wa watu, ananyoosha kiganja chenye sugu.

Ålov alibeba. Hatua tisa, hakutoa sauti, jasho tu lilimtiririka mpaka kidevuni. Alipotua chuma alikuja penye sinia mwenyewe, akatazama vile vitambaa.

"Kitani kimepigwa vizuri, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mikono yako inajua kazi."

Neno moja tu lingetosha. Angesema vimeanguka chini, vimechafuka, ngoja nilete vingine. Torgunn alifungua kinywa. Lakini Hallkjell alisogea, akamshika mama yake bega, akasema, "Pole, mama. Imekwisha, mama." Na lile neno, jinsi alivyolitamka taratibu, Kolbein naye alikuwa akilitamka vilevile. Huyu mama bado anaye wa kumwita namna hiyo, Torgunn akawaza. Mbona mimi Kolbein sinaye? Akamsogezea padre sinia.

Siku tatu Ålov alikaa nyumba ya wageni akiuma ncha ya shali yake. Jumamosi muhuri ukavunjwa. Kiganja kilikuwa kimelika, kidole kimoja kinaonyesha mfupa. Padre Eindride akainamisha kichwa, na watu waliokuwa mbele wakarudi nyuma.

Ålov hakulia. Alikitazama kiganja. Kisha akaokota kile kitambaa, akakisugua kwa vidole vya mkono mzima, polepole, kama anayepima utelezi wake. Akainua macho, akawapitia watu mmoja mmoja mpaka akamfikia Torgunn, na hapo akatulia. Angesema nini? Nani angemsikiliza? Kila aliyeshindwa na chuma husema kaonewa.

Hallkjell hakuvuka hata daraja. Watu wa Arnvid walimmaliza pale kwa mashoka.

Torgunn alilitoa shati msumarini jioni hiyo, akaliloweka kwenye maji baridi. Jumapili alishinda akilisugua.

"Mama, leo ni siku ya Bwana," Brynjulv alimwambia.

"Nimengoja miaka mitatu. Bwana naye angoje kidogo."

Jumatatu mchana shati lilikuwa kwenye kamba, jeupe, limebaki na kivuli kidogo cha manjano ubavuni. Torgunn alikuwa amekaa mlangoni anakula mkate na siagi, anakula kwa hamu, alipomwona Ålov akija. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa shingoni, kwapani kabana furushi.

"Kama unaleta nguo, leo sifui," alisema Torgunn.

"Sijaleta ifuliwe. Nimekuja uione tu."

Alilifungua furushi kwa mkono mmoja na meno. Lilikuwa shati la kijana mkubwa, limepasuliwa begani, lina damu ya juzi.

"Miaka minane nilifua nguo za mfalme," alisema Ålov. "Ndivyo nilivyompata Hallkjell, na kweli alikuwa wake. Ulidhani siyajui maji ya majivu?"

Torgunn akauweka mkate chini. 

"Hili nitalitundika kama nilivyosikia ulitundika lako. Nina vijana wawili. Wewe umebakiwa na mmoja, fundi wa paa. Nimempita sasa hivi. Kijana mzuri, kanisalimia." Akanyoosha mkono mzima, akalipapasa shati la Kolbein pale kambani, ubavuni palepale. "Limetakata," alisema, akaondoka.

Torgunn aliinuka, akasimama karibu na kamba, amegeukia kanisani. Kule juu ya paa Brynjulv alikuwa anagonga. Alipotua nyundo ili aokote msumari mwingine, mama yake alibana pumzi, akangoja, mpaka akaisikia nyundo tena.