Kitita cha Posa

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini alasiri. Nilikuwa nikiosha gari la bosi katika ua wa nyumba ya Al-Safa, mjini Jeddah, wakati dereva mwenzangu Mkenya aliposimamisha gari langoni. Alinikabidhi kifurushi cha kijani, akasema, "Mzee, umetumiwa na yule kijana wa Al-Nuzha," na akaondoka kabla sijauliza swali.

Kifurushi kilikuwa cha urefu wa kiganja na nusu. Kilikuwa kimeviringwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa kamba ya ganda la mgomba, mizunguko ikikaribiana, ncha ya kamba ikiwa imechomekwa ndani isionekane. Nilikileta puani. Ile harufu ya jani la mgomba lililoanza kunyauka, yenye ubaridi kama wa mtungi wa maji, ilinipeleka kwetu Igembe, Kenya, kwenye mteremko wa Nyambene, nikiwa na miaka tisa.

Nilirudi Jeddah haraka. Kwetu, kitu kilichofungwa namna ile ni miraa. Katika nchi niliyokuwamo, miraa ni jela, na baada ya jela ni ndege ya kurudishwa nyumbani, ukiwa na bahati. Nilianza kutafuta mahali pa kukificha. Ndipo bosi akatoka, kanzu imepigwa pasi, akielekea msikitini.

"Eish hada?" akauliza. Ni nini hicho?

"Mnanaa, baba," nikajibu. Lilikuwa jani la kwanza lililonijia kichwani ambalo halina kesi.

Akanyoosha mkono. Akapasua jani la mgomba kwa kidole gumba, akainamisha pua, akafumba macho. Mimi nilikuwa nikitazama lango na kuwaza ni nani atakayewapigia simu watu wa nyumbani. "Zein," akasema. Nzuri. Akachomoa mashina mawili, akayatia mfukoni mwa kanzu kwa ajili ya chai yake ya baadaye, akaenda zake kusali.

Ulikuwa mnanaa kweli. Nilikificha kifurushi chini ya kiti cha gari, nikaendelea kuosha.

Mtumaji nilimjua kwa jina tu. Aliitwa Mutwiri, kijana wa Igembe, bawabu wa jengo la ghorofa huko Al-Nuzha. Mpwa wangu Kagendo, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika jengo hilohilo. Walifahamiana kwenye mapipa ya taka, mahali pekee ambapo madam wake alimruhusu kwenda bila kusindikizwa. Kwa kuwa kaka hakuwapo, mtu wa kumjibu mchumba wa Kagendo nilikuwa mimi, na sikutaka kumjibu. Miaka ile vijana wetu walikuwa wakimiminika Saudia kupitia kwa mawakala wa Nairobi, na nilikuwa nimeshuhudia wanaume zaidi ya mmoja wakichumbia mabinti kwa simu, wakila mishahara yao miaka miwili, kisha wakibadilisha laini. Kagendo alikuwa akilisha mama yake na wadogo zake. Kosa langu moja lingekula jasho lake lote.

Sasa niwaeleze kwa nini kitita kile hakikuwa zawadi ya chai.

Babu yangu alikuwa na miraa shamba zima, lakini mmoja ulikuwa mti wa peke yake. Ulisimama karibu na zizi la mbuzi, shina lake limejipinda kama mtu anayejikuna mgongo, umefunikwa na kuvu za kijivu. Ulipandwa na baba wa babu yake. Miti ya umri huo kwetu huitwa mbaine, na haikatwi, wala haitukanwi. Madalali walipokuja na magari yao kuvuna miti mingine, babu alikaa kwenye kigoda chini ya ule mmoja, fimbo magotini, hata chai akainywea hapohapo.

Mti ule aliuhudumia mwenyewe. Aliupogoa, aliupalilia, aliupaka majivu walipokuja mchwa. Aliutafuna siku chache sana: siku ya kuamua kesi ya mpaka, siku ya kubariki mtoto, siku ya mgeni wa maana. Kwanza alitema kidogo ardhini kwa ajili ya waliotangulia. Kisha akatafuna polepole, na macho yake yakawa makini, na maneno yake yakapungua badala ya kuongezeka. Waliotafuna cha sokoni niliwaona wakibwabwaja mpaka alfajiri na kuamka wakidai hawakusema kitu. Babu alilala usingizi wake na kesho yake alikumbuka kila neno. "Cha kununua," alizoea kusema, "unakitafuna pamoja na haraka ya aliyekiuza." Kwake faida ya kuwa na mti wako ilikuwa hiyo: unajua tawi gani linaleta usingizi na lipi linaufukuza, na hakuna mtu anayekushika kwa kiu yako.

Mimi, kwa miaka yangu tisa, nilidhani ni uchoyo.

Mwaka huo walikuja kumposa shangazi Kanana. Kwetu posa huanza na ncoolo, kitita cha miraa kilichofungwa kwa heshima. Baba wa msichana akikifungua na kutafuna, mazungumzo yameanza. Asipokifungua, mnakunywa uji na kuagana vizuri.

Wageni walikuwa wanne, wakiongozwa na baba wa kijana, mtu mnene mwenye kicheko cha kukaribisha. Kitita chao kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kuona: matawi yamelingana, wekundu wa ncha unang'aa, jani la mgomba limepakwa mafuta. Shangazi Kanana alikuwa nyuma ya ghala, jicho kwenye ufa. Nilijua kwa sababu nilikuwa chini ya kiwiko chake.

Babu alikiweka gotini. Hakukifungua.

"Mti huu uko upande gani wa nyumba yako?" akauliza.

"Upande wa mawio, mzee," mgeni akajibu bila kusita.

"Na asubuhi kivuli chake hulala wapi?"

Mgeni akacheka. Wenzake wakatazama vikombe vyao. "Kivuli, mzee? Si hulala chini kama vivuli vingine?"

"Cha kwangu hulala juu ya mbuzi," babu akasema. "Huwa hawatoki mpaka kiwapite. Chako kinalala wapi?"

Mwishowe mmoja wa wazee waliofuatana naye akasema kwa sauti ya chini kwamba miti yao yote ilikuwa imekodishwa kwa dalali msimu huo, na kitita kilinunuliwa katika soko la mji wa Maua asubuhi ileile. Babu alikirudisha kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. "Karibuni tena," akasema. "Mje na chenu."

Shangazi Kanana hakuzungumza na babu kwa muda mrefu. Alimtengea chakula na kugeuza uso. Nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba mzee hataki kupoteza mchumaji hodari. Nami nikaanza kumchunguza: nikamhesabia vikapu alivyochuma shangazi, nikatafuta sababu katika kila neno lake. Nilikuwa mtoto wa kushuku, na tabia hiyo haijaniacha.

Ukodishaji ulipokwisha, yule kijana mposaji mwenyewe alikuja na mjomba wake tu. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kupanda mti, na kitita chake kilikuwa kibaya, matawi marefu na mafupi, kimefungwa na mtu asiyejua kufunga. Babu alikifungua kabla wageni hawajakaa. Shangazi aliolewa, na mpaka sasa ni mama wa nyumba yenye kelele nyingi za furaha. Nilitoka katika jambo hilo nikiamini kwamba babu alichoka tu kununiwa.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa nikikitazama kitita cha Mutwiri. Jioni nilimpigia simu.

"Mnanaa ni nini hapa, kijana? Unanichezea?"

"Hapana, mzee. Ile nyingine haiwezekani hapa, unajua. Na Kagendo alisema wewe ni mtu wa mila. Jani la mgomba nililipata kwa Mhindi wa mboga. Nikasema nilete kitu nimekuza mwenyewe."

"Mnanaa hata dukani kwa baqala wanauza."

"Wanauza, mzee. Huu si wa baqala." Kisha akaongeza: "Lakini kama unataka ncoolo yenyewe, nimeweka shilingi elfu nne. Nitume nyumbani wanunue sokoni Maua, wawapelekee wazee wa kwenu. Sema tu."

Kuwa na majibu mawili tayari kulinifanya nimshuku zaidi. Ijumaa nilimpeleka mke wa bosi kwa dada yake Al-Nuzha, na nikiwa namsubiri nikaenda kwenye jengo lile. Sikumwarifu kwamba ninakuja. Mutwiri alinipandisha ngazi hadi paani, akiniita mzee kila hatua kumi, jambo ambalo pia halikunipendeza.

Nyuma ya matangi ya maji, kwenye kivuli chembamba, palikuwa na makopo ya samli yaliyotobolewa chini. Alinieleza kwamba maji ya tangi yana chumvi, yanaunguza mizizi, kwa hiyo hukinga yale yanayodondoka kwenye viyoyozi. Mzizi wa kwanza aliutoa Riyadh, alipokuwa akilala kwenye nyumba ya vibarua huko Al-Murabba. Alipohamishiwa Jeddah aliubeba mapajani ndani ya chupa iliyokatwa, basi zima likimcheka. Yalikuwa maelezo mazuri. Nimeendesha watu wengi wenye maelezo mazuri.

Mtu anaweza kununua mnanaa, akauchomeka kwenye udongo, na ukasimama siku tatu. Hilo nalijua. Basi niliinama, nikashika shina moja chini kabisa, nikalivuta.

Lilikataa. Nikavuta kwa nguvu. Likatoka na bonge la udongo na mizizi myeupe iliyozunguka na kuzunguka kwa kukosa mahali pa kwenda, mpaka ilikuwa imechukua umbo la kopo. Mutwiri alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mzee, huyo ni wa Riyadh," akasema.

Hakusubiri niseme kitu. Aliuchukua mkononi mwangu, mimi niliye mahali pa baba wa mchumba wake, bila hata kuniomba radhi, akapiga magoti, akaurudisha, akashindilia udongo kwa vidole gumba, akaumwagia maji. Alipokuwa akifanya hivyo alikuwa amenisahau kabisa.

Ni hapo, juu ya paa la zege linalounguza nyayo, ndipo nilipomwelewa babu, aliyekuwa amezikwa zamani. Hakuwa akilinda mti dhidi ya watu, wala hakuwa akipima utamu wa jani. Alikuwa akiwatafuta watu waliowahi kubaki na kitu kimoja katika kiangazi chake, wakati hakiwapi chochote, kwa sababu hao ndio watakaobaki na binti yake. Mmea unaoukuza mwenyewe hukulipa taratibu, na malipo yake ya kwanza ni kwamba unakugeuza kuwa mtu wa kusubiri. Jani lenyewe huja baadaye.

Nilichuma jani moja, nikalitafuna mbele yake mpaka likaisha. Mutwiri aliinuka, akakumbuka mimi ni nani, akakosa pa kuweka mikono yake yenye udongo.

"Mwambie Kagendo anipigie," nikamwambia. "Na nyumbani usitume kitu."

Ndivyo zile shilingi elfu nne alizokuwa ametenga za kununulia kitita sokoni Maua zilivyobaki mfukoni mwake.