Siku Niliyosema Kisu Ameua

Aibu hii nimeificha hata kwa mamangu kule Runyenjes, lakini nyinyi ni watu wangu, chekeni mmalize.

Mnajua kila Desemba mimi huchagua albamu zangu bora za mwaka, za kila aina, na kuzitangaza kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, lile ambalo kwa ujanja wangu nililiita Nyimbo Kumi (ujanja gani, na hapa Majengo kundi la usalama, lenye wazee na naibu wa chifu, linaitwa Nyumba Kumi). Nikarekodi vizuri: namba nne kwaya, ile iliyoniliza nikiosha vyombo, tatu rumba, mbili taarabu ya bibi anayeimba utadhani anakusuta wewe binafsi. Hapo ukaingia ujumbe wa Nyumba Kumi, mbuzi wa mtu amepotea, nikaufungua, nikamhurumia mbuzi, kisha nikarekodi papo hapo bila kurudi kwenye kundi letu: "Namba moja ni Kisu! Kisu ameua! Ameua wote, hajabakisha mtu, mpaka sasa natetemeka!"

Kisu ni msanii wa rap. Kisu pia ndilo jina la utani la Baba Swaleh, mwenye buchari mkabala na chumba changu, mtu mpole ambaye huniongezea mfupa wa supu bila kuombwa.

Nikaacha simu kwenye chaji nikaenda kufua. Sijamaliza shuka moja nikasikia firimbi, ya pili, ya tatu, na watu wakikimbia. Nilipotoka, wanaume wenye marungu walikuwa wameizunguka buchari, na Baba Swaleh amejifungia ndani, aproni imejaa damu (ya nini tena, si ni buchari?).

"Toka! Umeua nani?"

"Wallahi sijaua mtu! Nani amesema?"

"Ni Wawira! Ameona na macho yake!"

Jamani, Wawira ni mimi, niliogopa. Niliona jiwe mkononi mwa mtu ninayemsalimia kila asubuhi, nikajua wakivunja ule mlango, Baba Swaleh atakufa kwa ulimi wangu. Nikajipenyeza na mapovu mikononi nikipiga kelele, "Ni albamu! Ni albamu!" na hakuna aliyenielewa, mpaka naibu wa chifu akaniamuru nilete simu. Nikaucheza wimbo wa Kisu. Wazee wakasimama na marungu yao wakimsikiliza yule kijana akirap, wimbo mzima.

"Sasa huyu ndiye ameua?" naibu wa chifu akauliza.

"Ndiyo, afande. Yaani... ameimba vizuri."

"Si ungesema ameimba vizuri!"

Walicheka wote, isipokuwa mmoja. Jioni nilienda kumwomba msamaha, akasema, "Yameisha, mwanangu," akanipimia nusu kilo, na mfupa akaongeza, lakini vyote alinipitishia dirishani, mlango bado ameufunga kwa komeo.

Kundi nimelibadilisha jina. Na siku hizi msanii hata akinitoa machozi, mimi naandika tu: amejitahidi.