Mpishi Aliyeketi Kando ya Getrude

Saa kumi na mbili asubuhi uji umeshaiva. Mwanakombo, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Sadallah, anapakua huku akiwasema wanachuo wanaosukumana foleni.

"Ninyi ndio walimu wa kesho? Watoto wa watu watakoma."

Ni mpishi wa chuo kimoja cha ualimu wilayani Newala, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wapishi walikuwa tisa. Serikali ilipopunguza watumishi wakabaki watatu, kwa wanachuo mia mbili na arobaini. Hata hivyo ukimuuliza habari atakujibu nzuri, na uso wake utakubaliana naye.

Kwao Chilangala yeye ni somo wa mabinti wengi, yaani mama anayeketi kando ya mwari unyagoni, akimfunza na kumsemea. Usomo huo ndio uliomwingiza kwenye kamati ya nidhamu mwaka juzi, na birika la chai mkononi.

Siku hiyo Getrude, mwanachuo wa mwaka wa pili, alikuwa amesimama mbele ya wanaume watano. Alimshtaki mkufunzi wake kwamba jioni moja alimwita nyumbani kufuata daftari, akamshika kwa nguvu. Alipoulizwa alishikwa wapi na vipi, akainamisha kichwa. Mwenyekiti, Mwalimu Bartholomayo, akaamua kwamba amemsingizia mtu. Afungashe, arudi kwao.

"Shikamoo, Mama Sadallah," mwenyekiti akamwambia. "Weka chai, tunamalizia."

"Marahaba, mwanangu. Mnamalizia nini, nanyi hamjaanza? Mnamuuliza binti mambo ya mwilini mwake mbele ya wanaume rika la baba yake. Hata mimi mzee ningenyamaza."

"Leo mpishi kawa hakimu," mmoja akamtania.

"Hakimu ni ninyi. Mimi nataka mpate cha kuhukumu."

Wakampa saa moja. Yeye na Getrude wakaenda stoo, wakakaa juu ya magunia ya unga. Waliporudi, Mama Sadallah alimsemea, binti akiwa kando yake, mkono kwa mkono. Alipofika kwenye habari ya mlango, akasema mkufunzi aliufunga kwa ufunguo.

"Sivyo, Mama," Getrude akamkatiza. "Hakuufunga. Aliuegemea." Kutoka hapo akaendelea mwenyewe mpaka mwisho.

Habari ilipotoka nje, wanawake wa jikoni walitaka mkufunzi afukuzwe siku ileile. Mama Sadallah akakataa.

"Naye asikilizwe. Anasema siku hiyo alilala Masasi. Basi tuliulize gari la chuo lililompeleka."

Kitabu cha safari cha dereva kikaletwa. Mkufunzi alirudi chuoni siku hiyohiyo saa sita mchana, na sahihi yake ilikuwepo. Aliachishwa kazi, shauri likaenda polisi. Getrude alimaliza masomo, leo anafundisha Nanganga.

Kanuni za chuo sasa zinasema mlalamikaji aje na mtu wa kuketi naye. Mama Sadallah ameshaketi na mabinti wanne. Mmoja, anasema bila kuficha, hakuwa na kesi, na alimwambia hivyo hivyo.

Wiki iliyopita mvulana mmoja anayeshtakiwa alimfuata, akauliza kama na yeye anaruhusiwa mtu wa kuketi naye.

"Nikamwambia ni haki yako," anasema, akisugua sufuria. "Lakini si mimi, mambo ya wanaume siyajui. Nimeomba kanuni iongezwe, na sasa natafuta mzee wa kiume mwenye subira, asiyepeleka maneno nje."

Amempata?

"Nimeshauliza sita," anacheka. "Mwaka haujaisha."