Kiti cha Nyuma

Nilifunga ndoa kanisani, kwa hiyo nilijua hakuna mwanamke wa pili atakayeingia nyumbani kwangu Ntobeye na sanduku lake. Padri hakusema lolote kuhusu magari. Mwaka ule wakimbizi walipomiminika kuvuka mpaka, mume wangu Privatus alirudi jioni moja akiendesha Datsun nyekundu ya milango minne, ile yenye herufi tatu za S mgongoni, na tangu siku hiyo nikawa na mke mwenza.

Gari lilikuwa la Niyonkuru, mfanyabiashara Mrundi aliyevuka akiwa na watoto ndani na magodoro juu. Kambini hakuwa na pa kulipeleka wala cha kulinyweshea. Privatus alimpa ng'ombe wetu wawili, mmoja wao yule niliyekuwa nikimkamua kwa mikono yangu. Niyonkuru alishika usukani kwa muda, akashuka, akawaswaga ng'ombe bila kugeuka nyuma. Nilimhurumia. Kisha nikamwona Privatus analizunguka lile gari na kulipapasa, huruma yote ikaniishia.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la msaada, kupeleka mahindi na mafuta kambi ya Benako. Ungedhani mtu anayeshinda kwenye usukani akirudi nyumbani atataka kuona vitu vingine, mkewe kwa mfano. Wapi. Alikuwa akinawa mikono, anakaa mezani, na kabla hajamega ugali ameanza kunieleza mipango. Kwanza ni matengenezo, alisema, huwezi kumkimbiza mgonjwa. Atabadilisha oili na filta, plagi, belti ya feni, na zile paipu za breki zilizoanza kula kutu. Hapo ndipo aje kwenye mwendo. Kabureta mbili badala ya moja, ekzosi pana, springi ngumu na shokapu mpya, na bamba la chuma chini ya injini ili mawe ya barabara zetu yasipasue sampo ya oili. Mwisho kabisa atapunguza uzito. Alitaka apande kile kilima cha kwenda Keza kwa gia ya tatu bila kurudi ya pili, na yote ayafanye mwenyewe, chini ya mparachichi wetu, bila fundi kutia mkono.

Watu wa kwetu huita kila gari dogo taksi. Jirani akimwuliza habari za taksi, Privatus anavimba. "Hii si taksi," anasema. "Hii ni saluni ya spoti, gari la mbio." Jirani anaitikia vizuri, kesho yake anauliza tena habari za taksi.

Nilikuwa na wivu. Nasema wazi, maana wengine huuficha wakasema ni uchovu au ni presha. Wangu ulikuwa wivu. Gari lilifunikwa turubai jipya la kambini na jiko langu likaendelea kuvuja. Kabureta ililowekwa petroli kwenye sufuria yangu ya maharage. Kitenge alichoninunulia nilipojifungua nilikikuta chini ya mparachichi, kimefutiwa mikono yenye grisi. Siku nilipotaka kuingia ndani nikae kidogo, nione kuna nini humo, aliniambia nikung'ute miguu kwanza.

Na jinsi alivyolisikiliza. Injini ikigonga kidogo tu, anainamisha kichwa, anafumba macho, anasema tapeti moja imelegea. Mimi nilikohoa masika nzima na aliniuliza kama kuna chai. Nikaanza kukaa mlangoni nikichambua maharage na kumchungulia. Sikutaka kujifunza lolote. Nilitaka kujua huyo mwenzangu amenizidi nini. Kwa hiyo nilijua anafunguliwa wapi na kwa spana ipi, nikajua boliti zake zinalala kwenye kopo gani dirishani. Ukimwonea mtu wivu unamfahamu kuliko rafiki yako.

Mama yangu, Ildefonsa, alikuwa Keza, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Binti yangu Nice alikuwa amefikisha miaka miwili na bibi yake hajawahi kuiona sura yake. Alikuwa akimpapasa uso kwa vidole, anauliza, "Paji hili la nani?" Nami namwambia ni lako, mama. Jumapili moja, baada ya misa, likatolewa tangazo kwamba madaktari wa macho waliokuja kwa ajili ya wakimbizi watawapasua na wenyeji, Alhamisi tu, hospitali ya mjini Ngara. Zamani mgonjwa wa Keza alibebwa kwa machela na vijana wa kijiji wakipokezana. Lakini vijana wote sasa walikuwa kambini, wanapakua malori. Pasipo gari mama angebaki gizani.

Iliniuma kumwomba mwenzangu msaada. Nilimeza, nikaomba. Privatus alikubali mara moja, tena kwa furaha, akasema siku hiyo atachukua ruhusa kazini.

Jumanne nikatoka shamba na kukuta kiti cha nyuma cha Datsun kiko sebuleni kwangu, kimeegemezwa ukutani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Privatus alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika kiuno.

"Umepata sofa," akaniambia. "Sisi tunapata mwendo. Nimekipima kwa mikono, ni kizito ajabu. Kila kilo inayotoka, injini inapumua."

Nilitua jembe. "Baba Nice, Alhamisi mama atakaa wapi?"

"Atakaa mbele."

"Na wewe?"

"Mimi si naendesha..." Niliona jambo lenyewe likimwingia taratibu, mpaka mikono ikatoka kiunoni.

Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani hukaa kando akatazama migomba mpaka mama apite. Tangu anioe, Privatus alimwamkia mama akiwa nje ya ua, na mama aliitikia akiwa jikoni. Sasa alikuwa amepanga kumkalisha bega kwa bega, goti karibu na gia, safari nzima hadi Ngara. Mama angekubali kufa kipofu kuliko hivyo. Sisemi kwa utani. Namjua mama yangu.

"Nimesahau," akasema. "Nilikuwa nafikiria kilo."

"Ulimsahau mama yangu au ulisahau kwamba umenioa?"

Honi ya lori ilikuwa inalia barabarani. Msafara ulikuwa unaondoka, naye angerudi kesho yake jioni akiwa hoi. Alisema akirudi ataangalia, ila hakumbuki boliti ameziweka wapi. Akachukua koti lake akaondoka, na kwa aibu yake hata turubai hakulifunika.

Jumatano sikwenda shamba. Nilikilaza kile kiti juu ya mkeka nikakiburuta mpaka chini ya mparachichi, Nice akinifuata na kopo la boliti. Nilikung'uta miguu kwanza, kwa hasira tu, kisha nikaingia. Egemeo linatangulia, linaning'inia kwenye ndoano zake za juu. Boliti za chini unaziingiza kwa vidole, spana inafuata baadaye, zisije zikaingia upande. Spana ni namba kumi na mbili. Mkono wa kushoto unachubuka, mkono wa kulia unatukana. Kilipokaa sawasawa nilikijaribu. Kilikuwa laini kuliko kitanda chetu, nikakasirika upya.

Privatus aliporudi jioni alikuja moja kwa moja kwenye gari na spana mkononi. Akafungua mlango, akasimama. Akakivuta kile kiti kwa nguvu, hakikutikisika. Akainama akagusa boliti moja moja.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe," nikamwambia. "Ila hukujua kwamba nipo."

Aliifunga ile spana kwenye kitambaa chake na kuingia ndani. Usiku ule alikula bila kusema habari za kabureta.

Alhamisi tulifika Keza jua likichomoza. Kile kilima tulikipanda kwa gia ya kwanza. Nilimtoa mama ndani, kitenge kimefunika kichwa chote, nikamwingiza nyuma pamoja na Nice. Mimi nilikaa mbele. Mama aliketi akanyoosha mgongo, akaniuliza, "Yule aliye kwenye usukani, amegeuza uso?"

"Amegeuza, mama."

"Basi twende." Haoni hata mkono wake mwenyewe, lakini heshima ni heshima.

Walimpasua siku hiyo hiyo na kumlaza. Jumamosi tulienda kumchukua. Muuguzi alifungua bandeji nikiwa nimempakata Nice mbele yake. Mama alipepesa macho, akamtazama mtoto, akamtazama sana, akasogeza kidole akamgusa paji. "Ni langu kweli," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Umekonda, Benedicta."

Nililia, sitaki kusema uongo. Lakini tulipotoka nje mama aliniachia mkono, akaenda mpaka kwenye Datsun, akalizunguka lote na kulipapasa boneti. Privatus alikuwa amejitenga mbali, anatazama ukuta.

"Kumbe ni jekundu," mama akasema. "Zuri hili."

Hata mama yangu mzazi. Nikamfungulia mlango wa nyuma.

Katikati ya kioo cha mbele Privatus alikuwa amefunga kioo kipana cha kutazama nyuma, mojawapo ya mipango yake, ili awaone wale atakaowaacha kwenye vumbi. Alipowasha injini aliinua macho kukitazama, kama dereva yeyote, na humo akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake. Macho mapya ya mama yalikuwa wazi kabisa. Mama akajifunika kitenge. Privatus akashusha kichwa mpaka kwenye honi, ikalia. Nice peke yake ndiye aliyecheka.

Kisha Privatus akanyoosha mkono, bila kuinua uso, akakizungusha kile kioo kukiondoa kwa mama. Akakizungusha mpaka kikaniangukia mimi. Akakiacha hapo.

Aliendesha polepole sana, gari lile lililochukua ng'ombe wangu ili lipate mwendo. Baiskeli ilitupita. Kwa miezi yote hiyo sikuwahi kumwona akiendesha hivyo. Nilikuwa najiandaa kumwonea wivu na mama, maana nilidhani mwendo ule ni kwa ajili yake, nilipoinua macho nikakuta macho ya Privatus kwenye kioo. Alikuwa ananitazama mimi. Alitazama, akatazama barabara, akarudi tena kwenye kioo. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama vile anavyofanya injini inapogonga.

"Kile kikohozi," akasema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Kiliisha lini, mama Nice?"

Nilikaza midomo isicheke.

"Tazama barabara," nikamwambia.