Bi Kope na Usingizi wa Mchana

Pale kituo cha kulelea watoto, ambako mimi nafua shuka, mlezi wa chumba cha watoto wakubwa tulimwita Bi Kope. Alikuwa akizitazama kope za mtoto tu, anajua usingizi umefika au uko njiani. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwalaza baada ya chakula cha mchana. Anapapasa migongo, anavuta mapazia, chumba kizima kinanyamaza. Nilimheshimu kwa hilo tu, maana mdomo wake ulikuwa upupu.

Kisha meneja mpya akasema wanaokaribia kuanza shule waachishwe usingizi wa mchana. Alieleza vizuri: wapunguziwe kidogo kidogo, anayechoka ajilaze na kitabu cha picha, na nyumbani alazwe mapema. Akaongeza kwamba mlezi naye akikutwa anasinzia zamuni, siku hiyohiyo kazi hana. Bi Kope aliitikia kwa adabu zote, lakini jikoni akatuambia hayo ya kidogo kidogo ni ulegevu, samaki mkunje angali mbichi. Kazi ile aliihitaji kuliko sisi sote. Binti yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na mjukuu wake wa pekee alikuwa mumo humo chumbani mwake.

Akatunga sheria yake mwenyewe. Mtoto akimwona mwenzake anasinzia, amtaje kwa sauti. Aliyetajwa alisimamishwa katikati ya chumba na kupanguswa uso kwa kitambaa kilichotoka kwenye ndoo ya maji baridi, wenzake wakimcheka. Aliyetaja alipigiwa makofi. Mjukuu ndiye aliyekiona cha moto, ili watu wasiseme anapendelewa. Alipanguswa mpaka kola ikachuruzika, analia, "Bibi, basi," na bibi haachi. Mpishi alimkumbusha kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu. Bi Kope akamwambia akakoroge sufuria zake. Siku hiyo nilimchukia, na sioni haya kusema.

Watoto wakaacha kulala kweli. Meneja alifurahi, wala hakuuliza wameachishwaje. Akaalika wazazi wa watoto wapya waje wajionee.

Siku ya wageni kulikuwa na joto la kuchosha, na Bi Kope alikuwa amekesha akimuuguza binti yake. Aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, mgongo ukutani, na kidevu kikamshuka kifuani. Mimi nilikuwa naanua shuka zilizoanikwa dirishani. Nilikohoa, nikakohoa tena, hakusikia. Meneja akaingia na wageni wake, wakasimama kutazama michoro ya watoto iliyobandikwa karibu na mlango. Huku kwetu walikuwa hawajageuka, na huenda wangetoka bila kugeuka.

Mjukuu akasimama.

"Bibi amelala," alisema kwa sauti, kama alivyofundishwa.

Akaenda kwenye ndoo, akarudi na kitambaa kinachodondosha maji, akampangusa bibi yake macho, polepole kuliko alivyokuwa akipanguswa yeye. Wenzake wakacheka. Bi Kope alizinduka, akamwona meneja amegeuka, anamtazama. Meneja alimwambia kwa upole akachukue mkoba wake.

Akatoka uso haujakauka. Mtoto alibaki katikati ya chumba na kitambaa mkononi, akitutazama mmoja mmoja, akingojea makofi yake.