Maji Kinywani mwa Mzee Mwandawiro

Wanaofundisha naye siku hizi hawaamini nikiwaambia kwamba Mwalimu Hudson, huyu anayefundisha kwa kunong'ona, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Mtu wa Wusi kule milimani, mlokole, mbishi. Pale shuleni kwetu, kando ya shamba la mkonge nje ya Voi, sisi walimu wenzake tulimtania kwamba angezaliwa mapema angekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Yeye alijibu kwamba walimu pia ni vibarua, tofauti ni tai tu.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la migomo: watu wa reli, watu wa bandari, wakata mkonge. Mwaka wa sabini na sita akawatuma darasa la saba wakaulize wazee nyumbani habari za mgomo wa shamba letu, ule wa kabla ya uhuru. Nilimwambia, "Hudson, kuna mambo hayaulizwi na watoto." Akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Watoto walirudi na jina moja. Mzee Mwandawiro, babu aliyemlea Wakesho, msichana wa darasa hilo hilo, ndiye aliyerudi kukata mkonge wenzake wakiwa bado wamegoma. Kufika mapumziko, Wakesho alikuwa ameshaitwa mjukuu wa msaliti. Kesho yake hakuja, na wiki nzima ikapita. Naye ndiye tuliyemtegemea apite mtihani aende sekondari.

Hudson akakonda kwa majuto. Akaniomba nimsindikize kwa mzee kumwomba radhi, msichana arudi.

Mzee alitupa viti. Akaeleza bila kupandisha sauti kwamba siku za mgomo, dispensari ya shamba haikuwapokea waliogoma, na binti yake alikuwa anawaka homa.

"Nilirudi kazini, akatibiwa. Ndiye marehemu mama yake Wakesho. Hilo nalo uliwafundisha?"

"Sikujua, mzee."

"Hukuuliza. Ulituma watoto."

Hapo Hudson, aliyeziita mila zetu ushenzi miaka yote, akapiga magoti akamwomba mzee atase. Kwetu Wadawida, mwenye kinyongo akitasa hutia maji kinywani, akayapuliza nje pamoja na hasira yake, akitamka amani. Na mtu hatasi kwa kudanganya. Kama hasira bado imo, ni heri aache, maana itawarudia wale wale anaowaombea. Wakesho asingeweza kurudi kwa mwalimu ambaye babu yake bado ana kinyongo naye, na sote wanne tulilijua hilo.

Wakesho akaleta maji kwa kata. Alikuwa amevaa sare ya shule, imepigwa pasi, na viatu miguuni. Nilihuzunika sana kumwona hivyo.

Mzee akajaza kinywa. Tukangoja. Mashavu yalimtetemeka, macho yakamjaa machozi, akainua uso kuelekea mlangoni mahali maji yalipotakiwa kuangukia. Niliamini kabisa kwamba yangetoka.

Akayameza.

"Nimejaribu, mwalimu," alisema. "Yamekataa."

Hudson alibaki pale chini, magoti yake yamejaa vumbi. Wakesho akapokea kata kwa mikono miwili, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kuchotea maji, na sare ameikunja vizuri mkononi, akamwuliza babu yake aiweke wapi.