Simba Mwenye Kaptura Nyekundu

Mwaka ninaosema ni ule tulikula nyama kila siku na hakuna mtu alinenepa. Mvua ilikuwa imekataa, ng'ombe za Wamasai zilikuwa zinaanguka kutoka Kisaju mpaka huko chini Mashuuru, na kabla zianguke kabisa wenyewe walikuwa wanaziuza kwa bei ya kutupa, kwa hivyo hapa Kitengela nyama ikawa rahisi kuliko sukuma wiki, lakini ilikuwa nyama ya huruma, haina mafuta, ukichemsha supu inakuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Muthokoi, yale mahindi yetu sisi Wakamba ya kutwangwa, tulikuwa tunayaona Jumapili peke yake. Ukisikia mtu wa hapa akisema mwaka wa nyama, usifikirie ni sherehe. Ni mwaka huo, na ndio mwaka niliaibika mbele ya wakwe, na nitasema yote na mdomo wangu kwa sababu nimechoka kuisikia ikisemwa na watu ambao hawakuwa hapo.

Niko na mjukuu anaitwa Mutuku. Mama yake, msichana wangu wa kwanza, alituacha huyu akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi, na sasa ni fundi wa stima, mtu mrefu mpaka anainama kwa mlango wangu. Alipata msichana wa Kimasai, Nashipae, mwalimu wa nasari hapa mjini, mtoto wa Mzee Parsimei wa upande wa Mashuuru. Wakapendana vizuri, mimi nikampenda pia, lakini mzee hakutaka kusikia. Si ukabila (ilikuwako kidogo, tusidanganyane, kwake na kwangu). Ni kwamba alikuwa amebaki na ng'ombe za kuhesabu na vidole, na mtu aliyepoteza mifugo yake hivyo hataki tena mtu aje kumwomba msichana. Alikuwa ameacha hata kuongea na watu wa boma lake. Mwishowe akakubali tufike.

Nashipae, aliyekuwa ameanza kuniita nyanya kwa Kikamba, akaniambia, "Susu, baba amesema mkuje mara moja. Na baba hasemi mara mbili."

Sasa, ukienda mahali kama hapo unabeba sukari, majani ya chai, leso za kina mama, na blanketi ya mzee. Hiyo blanketi ndiyo neno lenyewe. Mzee akifunikwa na akae nayo, amekusikia. Akiitoa, mmerudi nyumbani. Kwa hivyo nilisema blanketi nitanunua mimi, na nitamfunika mimi, kwa sababu nimefunika watoto, nimefunika mume wangu mara ya mwisho, hakuna mtu wa kunifundisha.

Nikaenda soko. Zilikuwa zimepangwa, zile nzito za manyoya, kila moja imekunjwa ndani ya karatasi yake ya nailoni yenye zipu. Nyingine maua, nyingine tausi, nyingine farasi. Halafu nikaona sura ya simba. Masikio yamesimama, macho ya moto, meno, na rangi ya jivu ambayo sikuwa nimeiona kwa simba lakini nikasema labda ni simba mzee, na si mzee anaenda kwa mzee? Nikasema hii. Wamasai na simba, utakosea wapi?

Msichana wa kuuza akasema na sauti ya kusikika mpaka kwa mwenye viazi, "Shosh, hiyo ni ya watoto. Ni ya ile game ya simu. Nikubadilishie?"

Kulikuwa na wanawake wengine hapo wanachagua. Mmoja alicheka. Kama hangecheka, leo singekuwa na hadithi. Mimi sikusoma sana, nilitolewa shule nikachunge mbuzi, na kitu kimoja sijawahi kuzoea ni mtu kunionyesha mbele ya watu kwamba sijui. Nikamwangalia yule msichana, nikamwambia, "Sibadilishi. Hii nimechagua na macho yangu mwenyewe."

Nikalipa, nikaenda.

Mutuku aliiona jioni hiyo kwa meza. Akaishika, akaiweka chini. "Susu, simba waliingia kwa boma la mzee mwezi uliopita. Walimaliza mbuzi. Hizo ndizo alikuwa amebaki nazo za kukamua."

"Simba ya blanketi haili mbuzi," nikamjibu.

"Basi tuifungue tuone yote."

"Zawadi haifunguliwi kabla ya mwenyewe. Wacha hiyo."

Akaacha. Nilimlea mwenyewe kuacha nikisema aache, na hiyo pia ni kosa langu.

Siku yenyewe tulikuwa watu wachache, mimi, Mutuku, shemeji yangu Nzioka ambaye ndiye wa kutuongelea, na kina mama wawili wa kanisa. Boma lilikuwa limefagiwa vizuri, lakini lilikuwa kimya, na boma la Mmasai likiwa kimya mchana unajua shida iko. Hakuna kengele, hakuna ndama. Watoto walikuja wakainamisha vichwa tuwaguse, mmoja msichana mdogo macho makali anaitwa Resiato, mjukuu wa mzee. Mzee Parsimei alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki chini ya ukuta, mtu mwembamba, mkono juu ya fimbo. Kando yake ndugu yake mkubwa, Mzee Tipape, ambaye ndiye aliongea yote.

"Takwenya," Mzee Parsimei akaniambia, bila kuniangalia.

"Iko," nikaitikia. Hiyo nilikuwa nimefunzwa.

Maneno yakaenda vizuri. Chai ilikuwa na maziwa (nilijua yametoka kwa jirani, nikainywa kwa heshima). Nzioka akaongea, Tipape akajibu, wakaomba. Halafu ikafika blanketi. Nzioka alitaka iwekwe tu kwa miguu ya mzee ikiwa imefungwa, na kama ningemsikia, maskini, hata hilo lingetuokoa. Lakini mimi nilikuwa nimetayarisha maneno yangu usiku mzima, nikasimama.

"Mzee," nikasema, "sisi Wakamba hatuna ng'ombe nyingi, lakini tunajua mtu. Nimekuletea mnyama wa kufanana na wewe. Kabla nikuone nilikuwa nimekuona ndani yake. Watu wote waangalie, waseme kama nimedanganya."

Nikavuta zipu, nikaikung'uta ikafunguka yote, na upepo wa Mashuuru ukaishika ukainyoosha kama bendera, watu wote wakaona kabla yangu kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona tu sura zao. Nashipae alifunga macho. Mama mmoja wa kanisa akasema "Yesu." Nikafikiri ni uzuri. Nikaendelea, nikamzungushia mzee mabegani, nikamfunga vizuri mbele kama mtoto, nikarudi hatua nyuma nimwangalie, ndipo nikaona.

Alikuwa amesimama na miguu miwili. Huyo simba. Ngumi juu, kifua mbele kama mtu wa mieleka, kiunoni amefungwa mshipi wa moto unawaka, na chini ya mshipi amevaa kaptura nyekundu ya kubana. Na vile nilikuwa nimemfunga mzee, ngumi zilikuwa kifuani kwake na kaptura ilikuwa hapo penye kaptura huwa.

Hakuna mtu alicheka. Afadhali wangecheka.

Mzee aliinamisha kichwa, akaangalia tumbo lake muda mrefu. Akasema pole pole, "Huyu simba amevaa kaptura."

Hapo ningesema samahani. Neno ni moja tu na halilipiwi. Lakini mdomo wangu ukasema, "Ni simba wa siku hizi."

"Si simba!" Ilikuwa sauti ya Resiato, akimwita babu yake kwa Kimasai, na hakuna mtu alimwahi. "Akui, huyo ni paka! Anaitwa Makaa! Anapiganaga na wale wanyama wengine kwa simu, anawashika hivi, anawaangusha hivi!" Na akaonyesha, akakunja ngumi, akarusha mguu, watoto wenzake wote wakapiga kelele na wakaanza kuangushana vumbini mbele ya wazee.

Mzee Parsimei akasimama. Akaitoa blanketi, akaikunja, akaiweka juu ya kiti kama mtu anaweka mtoto amelala. Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "simba alikula mbuzi zangu. Nilisikia zikilia na nikakosa nguvu ya kutoka. Wewe umekuja kusema nafanana na yeye, halafu yeye mwenyewe ni paka wa watoto."

Akaingia ndani. Tipape akatuambia tumalize chai. Nani angemeza? Blanketi tuliiacha hapo kwa kiti, kwa sababu zawadi ikitoka kwa mkono hairudi kwa mfuko.

Mutuku hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alikuwa anakuja, ananiuliza kama niko na maji, kama stima iko sawa, anaenda bila kula, na sahani yake naiosha ikiwa safi vile niliiweka. Nikaanza kujiona usiku nikiwa pale soko, yule mwanamke anacheka, na kila mara najibu vile vile. Niliogopa kwamba huyu mtoto niliyemlea bila mama nimemkosesha na bibi, kwa sababu ya mtu aliyecheka ambaye hata simjui jina.

Baadaye Tipape akatuma neno kupitia Nashipae. Wazee wengine wanamcheka ndugu yake. Tulete blanketi ingine, ya mtu mzima, tuchukue hiyo ya paka, na maneno ya kijana yatafikiriwa. Mutuku akanunua mwenyewe, ya kahawia, haina mnyama, haina ua, rangi ya udongo. Akanipa. "Susu, nakuomba. Badilisha tu, uketi, usiongee."

Nikamwambia, "Sitaongea." Na nilimaanisha.

Tulienda mimi na Nashipae. Tulipofika, boma lilikuwa bado halina kengele, lakini kulikuwa na sauti nyuma ya nyumba, sauti ya mtoto anaongea bila kupumzika. Nikachungulia kona. Mzee Parsimei alikuwa ameketi chini, chini kabisa kwa ngozi, na Makaa mabegani. Ndani ya blanketi, kichwa tu kinaonekana, Resiato.

"Sasa hapo Makaa amepigwa na yule wa maji, moto wa mshipi umezima. Ameanguka."

"Amekufa?" mzee akauliza.

"Hapana Akui, nimekuambia jana! Moto ukizima hafi. Anakaa tu. Mwenzake akija kukaa karibu, unawaka tena."

"Na mwenzake asipokuja?"

Mtoto akafikiria. "Anangoja."

Mzee akavuta ile blanketi ikamfunika mtoto vizuri. Nashipae alinishika mkono, machozi yanamtoka, akaninong'onezea kwamba tangu ng'ombe zianze kuanguka baba yake hakuwa ameuliza mtu swali.

Mzee alituona. Haraka akaondoa mtoto, akajaribu kusimama, akawa mzee tena. Nikamwambia akae, mimi pia magoti yangu si mazuri. Nikaketi kwa mawe.

"Ulijua ni paka wakati unanunua?" akaniuliza.

"Muuzaji aliniambia ni ya watoto."

"Na ukanunua."

"Aliniambia mbele ya watu."

Aliniangalia, akatingisha kichwa pole pole, kama mtu amesikia lugha yake mahali hakutarajia. "Ndiyo," akasema. "Mbele ya watu ni kubaya."

Niseme hapa funzo langu, kwa sababu baada ya hapa sina nafasi. Ukiambiwa kitu na mtoto wa soko, sikia, hata kama watu wanacheka, kicheko cha soko kinaisha kabla ufike nyumbani, na kile utabeba badala yake hakiishi. Na zawadi ya mtu, ifungue kwako kwanza uone miguu. Hayo mawili nimeapa na nayafuata.

Lakini Tipape alikuwa amefika, na wazee wengine wawili na kina mama. Akaona ile ya kahawia kwa mapaja yangu, akafurahi. "Vizuri, mama. Sasa ndugu yangu atoe hiyo ya kuchekesha, umpe hiyo ya heshima, tumalize."

Wote wakamwangalia Mzee Parsimei. Hakusema anataka kukaa na Makaa. Angesemaje? Mzee wa Kimasai, mbele ya wazee wenzake, aseme anataka blanketi ya paka mwenye kaptura? Angekufa kwanza. Lakini niliona mkono wake. Ulikuwa umeshika lile pindo, ngumi yake juu ya ngumi ya paka, na Resiato nyuma yake amefunga mdomo na mikono miwili.

"Blanketi ni ya huyu mama," akasema, anaangalia mbali. "Yeye ndiye alileta. Akisema ibadilishwe, ibadilishwe. Yoyote itabaki kwa bega langu, ndiyo nitaitikia nayo kijana wake. Lakini huyu mama nimesikia ni mtu wa kichwa kigumu. Akikataa, mimi nitafanya nini?"

Na akaniangalia.

Tipape akanyoosha mkono achukue ile ya kahawia. "Mama, badilisha basi."

Nilikuwa nimemwahidi Mutuku sitaongea. Nikainuka na magoti yangu mabaya, nikaiweka ile ya kahawia juu ya mawe, nikaikalia, nikawaambia wazee wote, na sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Sibadilishi. Hii nimechagua na macho yangu mwenyewe."